Historia ya Dada Taratibu, Fundi wa Kurasa Zisizoshtua

Ndugu waombolezaji, poleni na msiba, na ahsanteni kwa kufika. Familia imenikabidhi mimi, kitindamimba wake, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake la kwenye cheti, maana tangu utotoni sote tulimwita Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba mlinzi wa zamu za usiku na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo baba alilala mchana, hivyo aliyebamiza mlango alikiona cha mtema kuni, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuurudisha kwa kiganja, akiuzuia kidogo mwishoni, baba asigeuke hata ubavu.

Alimaliza sekondari mwaka 1998, akasoma chuo cha kompyuta, na tarehe 2 Juni 2003 akaajiriwa na ofisi ya watengeneza tovuti, ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. CSS, lugha inayopanga sura ya kurasa, ilipoanza kuruhusu vitu vibadilike polepole badala ya kuruka ghafla, jamani, dada alifurahi kupita kiasi, akawa anapima menyu iteremke vipi na kitufe kigeuke rangi kwa robo sekunde, na meneja alipomtania kwamba robo sekunde haionekani, alimjibu kwamba ni kweli haionekani, lakini ikikosekana watu wanashtuka.

Tarehe 20 Agosti 2005 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2006, na ambaye mwaka 2024 alimfuata mama yake kazini kujifunza.

Hapa tuseme ukweli, kwa kuwa dada mwenyewe alituagiza tusiufiche. Tarehe 12 Agosti 2024 binti alionyesha kitufe chake cha kwanza, nacho kilipoguswa kiliwaka kwa ulaini, lakini kilipoachwa kilizima ghafla, kwani agizo la mpito, yaani la kubadilika polepole, aliliandika kwa ajili ya wakati wa kuguswa tu, badala ya kuliweka kwenye kitufe chenyewe, kosa la kila anayeanza, na dada, mpole wa watu, akamfokea mbele ya wenzake hadi fundi viatu chini akasikia. Binti akachukua mkoba, akabamiza mlango kalenda ikaanguka, akahamia kwa shangazi yake, na kwa miezi saba hawakusemezana.

Februari 2025 dada aligundulika na saratani ya kongosho, na hofu yake, alivyotuambia, haikuwa kufa, ilikuwa kufa mwanawe akiwa amenuna. Tarehe 2 Aprili binti alifika wodini, na mama ndiye aliyeanza kuomba radhi, akisema kurasa za watu alizipimia kila robo sekunde, ila mtoto wake wa kumzaa alimfokea ghafla, wakalia wote wawili, na muuguzi naye akalia, kisha dada akaagiza kompyuta.

Kitandani pale walitengeneza upya ukurasa wa kupanga miadi ya wagonjwa, kazi ya ofisini kwao, ambao onyo lake jekundu lilikuwa likiruka na kutisha watu. Binti akalifanya lifunguke kwa utulivu na kuondoka kwa utulivu uleule, na kwa wenye kizunguzungu waliozima miondoko kwenye simu zao, lisisogee kabisa. Dada alilifungua na kulifunga mara kumi na tano akitafuta kasoro, akaikosa, akacheka.

Alifariki tarehe 21 Juni 2025, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kutupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao wamekiacha kiti chake wazi hadi Jumatatu, binti atakapokikalia.

Asubuhi ya leo, tulipotoka nyumbani kuja hapa, binti ndiye aliyebaki wa mwisho, akauweka mkono mlangoni, akauzuia kidogo mwishoni, na hakuna aliyesikia ukifungwa. Dada Taratibu, kazi yako imepata mwenyewe, pumzika kwa amani.