Kelera na Mikono Isiyopakwa Mafuta

Kelera Ravunisa anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Februari, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Nyumba ya Samaki ya hapa Lami, Fiji. Jarida limeniomba mimi, Parmod wa pampu, niandike wasifu wake kwa kuwa nimegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote kazini. Nimekubali, ila mnivumilie, maana bado nimepigwa na bumbuazi. Majuma haya machache yametuonyesha mambo ambayo kama ningesimuliwa, ningesema msimulizi kazidisha yaqona, kile kinywaji chetu cha kulevya. Na yote kayatenda huyu huyu tunayemuaga.

Kelera alitoka kisiwa cha Kadavu akaajiriwa kukatisha tiketi langoni. Wanaokumbuka zama zile wanasema hakuwa akikatisha tiketi, alikuwa akikaripia watu na tiketi wanapewa kama nyongeza. Siku moja mtunzaji wa matumbawe laini alihamia Auckland ghafla, na Kelera akaambiwa ayaangalie matangi kwa wiki moja mpaka apatikane mtu. Mtu huyo hajapatikana hadi leo.

Kwa ajili ya walioajiriwa juzi: tumbawe laini halina mifupa ya mawe kama mengine. Ni nyama tupu, linayumba na maji, na limejaa ute, kwa hiyo kulikalisha juu ya jiwe ni kazi ya mtu mwenye subira. Aliwahi kuja fundi kutoka Nadi na gundi yake ya bei mbaya, akabandika kipande, akapiga picha, akaenda kula. Aliporudi, kipande kilikuwa kimejivua na gundi yake kichwani kama kofia, kimekwama kwenye mdomo wa pampu yangu. Kelera alimwambia fundi yule kuwa tumbawe halibandikwi, linabembelezwa. Yeye hukilaza kipande kwenye beseni lenye vijiwe na maji matulivu, akakifunika kwa neti nyepesi kisielee, akakiacha mpaka kishike chenyewe.

Neti hiyo ina historia yake. Ni shela la binti yake, aliyeolewa kwa shangwe kubwa na kuachika kabla picha za harusi hazijatoka. Siku alipolileta kazini na mkasi wake hatukujua tutazame wapi. "Hili lilishindwa kumshika mume," alisema. "Tuone kama litashika tumbawe."

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya mafuta. Hapa kwetu Fiji hakuna sherehe bila mafuta ya nazi: bibi harusi anapakwa, wachezaji wanapakwa, hata mgeni anaondoka anang'aa. Mafuta yakiingia kwenye tangi yanatandaa juu ya maji na matumbawe yanafumba kwa ghadhabu. Kelera alisimama mlangoni akinusa mikono ya kila anayeingia, awe mfagiaji au waziri. Mimi mwenyewe nilirudishwa kwenye sinki kila Diwali kwa sababu ya samli. Na yeye, kwa miaka yote hiyo, hakujipaka hata tone. Kwenye harusi ya bintiye alikaa katikati ya dada zake waliokuwa wakimetameta, yeye mkavu kama ng'onda, mikono imechunika kwa chumvi. Mwanamke wa Kadavu kukubali aibu hiyo si jambo dogo.

Sasa nifike kwa Marama.

Marama, yaani Bibi Mkubwa, ndilo tumbawe ambalo wengi wetu tulilikuta hapa. Lilikuwa na umbo la uyoga, pana kama ungo, rangi ya chai ya maziwa. Nanga ya mashua ya mjomba wake Kelera iliibuka nalo likiwa dogo kama kifungo, na Kelera akalipakata ndani ya ndoo melini njia nzima kutoka Kadavu. Lilijishika kwenye nguzo ya zege ya tangi la zamani na likakulia hapo. Watoto waliolitazama wakiwa wamebebwa wameshaleta watoto wao.

Tangi la zamani likaanza kuvuja, tukajengewa jipya, na la zamani likapangiwa kubomolewa. Mkurugenzi wetu, Isikeli Dakai, alitaka nguzo ikatwe chini na Marama ahamishwe mzima mzima, akae katikati ya tangi jipya siku ya ufunguzi. Kelera alipinga. Alisema maji ya tangi jipya bado mabichi kama nyumba ambayo chokaa haijakauka, na huwezi kuhamishia ukoo mzima humo kwa siku moja. Yeye alitaka kumkata Marama kichwa, akigawe vipande, vingi vibaki kwenye mabeseni ya nyuma yenye maji ya zamani, na kisiki tu ndicho kihamie. Kisiki cha tumbawe la aina hii huota kichwa kingine. Isikeli akajibu kuwa wageni hawaji kutazama kisiki, akatamka mbele yetu sote kwamba kisu kisimguse Marama. Kikao kikafungwa.

Hapa lazima niseme kuwa Kelera na Isikeli ni watani. Watu wa kijiji cha Kelera kisiwani na wa kijiji cha Isikeli bara wanahesabiana udugu wa mizimu yao ya kale, na watani wa huku hawana mchezo. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua nguruwe, mkeka au shati ulilovaa, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Isikeli alishabeba chakula cha mchana cha Kelera mara zisizo na idadi, na Kelera alishampaka Isikeli masizi mbele ya balozi.

Jumatatu moja mwishoni mwa Januari niliingia kazini, nikakuta povu juu ya tangi la zamani na harufu nzito. Nikachungulia. Marama hakuwa na kichwa. Lilibaki shina jeupe, limekatwa sawasawa. Niliangusha spana ikavunja kigae, na dada wa tiketi aliyekuja kutazama kuna nini akaanza kulia. Nilidhani tumevamiwa na wezi. Kisha nikasikia wimbo wa kanisani ukitoka nyuma, nikamkuta Kelera anaosha kisu, na mabeseni yamepangwa ukutani, kila moja limefunikwa shela.

Mtu ambaye hakuturuhusu hata kupiga chafya karibu na tumbawe lile, alikuwa amelikata kama keki. Isikeli alipoingia, sote tulirudi nyuma mpaka tukagusa ukuta.

"Mtani," alisema Isikeli, "umeingia nyumbani kwangu ukala kichwa."

"Kilikuwa kimeiva," alisema Kelera, "na mwenye nyumba alikuwa amelala."

Mshipa wa shingo ulimsimama Isikeli, niliuona. Lakini mila ni mila. Alicheka kicheko kifupi, akasema zamu yake nayo itafika, akaenda ofisini akafunga mlango. Ndipo nilipoelewa kuwa Kelera alikuwa ameitumia ile haki ya mtani kuokoa alichoona kinafaa kuokolewa, na kwamba akikosea, hapatakuwa na Marama tena, na kila mtu atajua ni kisu cha nani.

Ufunguzi wa tangi jipya, mwanzoni mwa Februari, uliunganishwa na karamu ya kumuaga Kelera. Ndugu zake walikuja na mikeka kutoka Kadavu. Kwa kuwa kazi yake ilihesabiwa imekwisha, dada zake walimkamata asubuhi, wakampaka mafuta ya nazi yaliyolowekwa langilangi tangu mabegani hadi ncha za vidole, wakamvika koja la maua na nguo ya gome la mti. Alipotokea sikumtambua. Alikuwa anang'aa kama chungu kipya, na alikuwa anaona haya. Kwa kuitii sheria yake mwenyewe, alikaa mkekani mbali na tangi.

Kisiki cha Marama kilikuwa katikati ya tangi juu ya rundo la mawe, bado kimeshika bonge la zege la ile nguzo. Isikeli aliniagiza nifungue pampu zote ili matumbawe madogo yacheze mbele ya wageni. Nikafungua. Mawe yalikuwa mapya, hayajakaa vizuri. Bonge likaanza kuinamia kioo taratibu, na mkono wangu haukuwahi swichi.

Kelera aliwahi. Mwanamke mwenye wajukuu alipanda ngazi na koja lake shingoni, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka kwapani, akalidaka bonge, akalirudisha, akalikandamizia mawe. Wageni wakapiga makofi. Sisi wafanyakazi hatukupiga, kwa sababu tulikuwa tunatazama maji. Mafuta yalitandaa kutoka mikononi mwake, yakapita juu ya tangi zima yakimetameta rangi zote. Kelera aliitoa mikono akaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka hivyo mbele ya sherehe yake.

Tuliyafuta mafuta kwa karatasi, tukabadilisha mkaa wa chujio, tukamwaga maji na kuingiza mengine. Matumbawe madogo yalifumba, baadaye yakafumbua. Kisiki, chenye kidonda ambacho hakikuwa kimepona, hakikuvumilia. Kililainika, kikanuka. Kelera alikitoa mwenyewe, akakiweka kwenye bakuli la supu, akakaa nalo kwenye ngazi za nyuma, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Vikabaki vile vipande mabesenini, vimefumba tangu siku ya kisu, vimekunjamana na ngozi iliyofifia. Kimoja kilioza, kisha kingine. Hao ndio walikuwa Marama wote waliobaki duniani.

Na Isikeli hakusema kitu. Hilo lilitutisha kuliko yote. Watani wa huku wanataniana hata marehemu akiwa bado ndani, sembuse mtu aliyenyunyizia tangi mafuta ya harusi. Siku zikapita bila hata neno. Kelera akaacha kula. Siku moja wakati wa chai akasimama mbele yetu sote.

"Mtani, mbona hunitukani?" alimuuliza. "Nitukane basi, nipone."

Isikeli alikoroga chai yake. "Sina tusi la ukubwa huo," alisema. "Vipande vikifunguka, nitalitafuta. Visipofunguka, utani wetu umeishia hapa."

Nimezaliwa hapa, nimezeeka na watu hawa, na sijawahi kumsikia mtani akimwambia mtani wake hivyo. Hata wanaopigania ardhi mahakamani hutaniana kwenye ngazi. Dada wa tiketi aliweka kikombe chini akatoka nje.

Kuanzia hapo Kelera alikuja kabla ya wote, anafunua shela, anatazama, anafunika. Jumanne wiki hii nilimkuta amepiga magoti mbele ya beseni la mwisho, nikajua mambo yamekwisha. Nilipokaribia nikaona ngozi ile iliyofifia imebanduka kama utando wa maziwa, na juu ya kipande vimechomoza vinywa vidogo vingi, kila kimoja kama ua. Beseni la jirani hivyo hivyo. La tatu pia. Akalivuta shela, na vipande havikusogea. Vilikuwa vimeshika mawe vyenyewe.

"Parmod," alisema huku machozi yakimtoka, "shela limepata mume."

Nilikimbia kumwita Isikeli, na umri wangu huu sikimbii. Alikuja na chupa mkononi, akainama juu ya kila beseni, akasimama wima kama anayetoa hotuba.

"Mwizi wa vichwa," alisema. "Muuaji wa visiki. Samaki wa kukaanga."

Kelera alicheka mpaka akakaa sakafuni. Isikeli akanyoosha mkono, akasema zamu yake imefika na amekuja kuchukua: mabeseni yote, shela, kisu, na funguo za chumba cha nyuma. Mtani hanyimwi. Kelera alizifungua funguo kiunoni, zimekaa pale miaka mingi hadi zimeacha alama kwenye mkanda, akampa. Ndipo Isikeli akaifungua chupa. Yalikuwa mafuta ya mama yake, yenye langilangi. Akammiminia viganjani, mle mle ndani, hatua tatu kutoka kwenye matumbawe.

"Jipake," alisema.

Dada Kelera, asante kwa Marama mmoja uliyetuletea ndani ya ndoo, na kwa hawa wengi unaotuachia. Asante kwa kutukaripia. Kuanzia Jumamosi mikono ni yako. Ipake asubuhi, ipake jioni, ing'ae hadi wakuone Kadavu kabla meli haijatia nanga. Maisha yako yawe mema na marefu, na ukitukumbuka njoo ule, utukane watu, utazame wajukuu wa Marama. Ila ujue mlangoni nitakuwa nimesimama mimi, na nitakunusa mikono.