Mwalimu Adzo Sefakor Kumordzi, Aliyesali Akitembea (1955–2021)

Mwalimu Adzo Sefakor Kumordzi alizaliwa Kpando, Jumatatu tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa pili wa katekista Gershon Dzokoto na Mama Abla, mfinyanzi. Mama Abla alikuwa akisema huyu mtoto hakutambaa, aliinuka tu akaanza kuvunja vyungu.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kpando, kisha chuo cha ualimu Amedzofe, akahitimu mwaka 1976. Alifundisha hesabu Kpando na Hohoe hadi alipostaafu mwaka 2015.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na Bwana Winfred Kumordzi, karani wa posta. Walijaliwa watoto watatu.

Tarehe 21 Novemba 1989 lori lililobeba walimu lilipinduka njia ya Golokwati, naye akaumia uti wa mgongo. Tangu hapo maumivu hayakumpa likizo hata siku moja. Kuketi ndiko kulikomtesa zaidi. Alisahihisha madaftari amesimama dirishani, na darasani alikwenda huku na huku kama pendulamu ya saa, mpaka wanafunzi wakamwita Mwalimu Saa. Alilijua jina hilo, na alilipenda.

Kanisani alitembea nyuma, ukuta hadi ukuta, ibada nzima. Septemba 1994 mhubiri mgeni alimwekea mikono. Mgongo ulipobaki vilevile, akamwambia mbele ya watu, "Mama, imani yako haba."

"Ingekuwa haba, mchungaji, ningekuwa nimelala nyumbani. Unajua nimefikaje hapa?"

Watu walicheka. Yeye alirudi nyumbani akalia, akaifungia Biblia kabatini, na kwa miezi saba hakukanyaga kanisani.

"Adzo, hata kusali umeacha?" mumewe alimwuliza.

"Nisali niseme nini? Miaka mitano naomba. Ananisikia, ananyamaza."

Jumapili ya Pasaka 1995 aliondoka bila kumuaga mtu. Bwana Winfred alimkuta nyuma ya kanisa, anatembea.

"Umepona?"

"Sijapona. Nimechoka kumnunia. Kama ni ugomvi, tugombane humu humu nyumbani kwake."

Mzee mmoja wa kanisa alimgeukia Bwana Winfred. "Bwana, mwambie mkeo atulie. Anatuvuruga." Bwana Winfred, ambaye hajawahi kugombana na mtu, alikwenda nyuma akamshika mkewe mkono, wakatembea pamoja mpaka baraka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia tena atulie.

Hatutadai kwamba aliyazoea maumivu. Hakuyazoea. Kuna siku alimpigia Mungu kelele jikoni, akisonga ugali wa akple, na kuna siku aliimba. Jumapili alikwenda kanisani.

Januari 2021 figo zake zilidhoofika. Madaktari walisema ni dawa za maumivu za miaka mingi. Asubuhi ya tarehe 9 Juni, binti yake Dzifa, aliyekuwa akimuuguza nyumbani, alimsikia akisali kwa sauti: "Bado sijakuelewa. Lakini usiende mbali." Alifariki adhuhuri, mumewe na Dzifa wakiwa kando yake.

Ameacha mume, Bwana Winfred, watoto, Dzifa, Selorm na Edem, wajukuu sita, na mdogo wake, Kafui, anayewasomea maneno haya. Mungu, ambaye Adzo alimng'ang'ania hivyo, ampe raha, na amani isiyokatizwa.