Tabibu Mikidadi na Nazi za Kerege

Wasikilizaji wapendwa, nawaamkia nyote, mlioko mjini na mlioko mashambani. Tabibu Mikidadi Mwishehe wa Bagamoyo hatunaye tena. Tumemzika Ijumaa. Huyu ndiye aliyetibu kano na viungo vyetu: mikono ya wasusi wa mikeka, magoti ya wakulima wa Fukayosi.

Kano ni kamba inayovuta mfupa. Neno tunalo, tulitumie. Kano hupita ndani ya ala laini, na ala ikivimba, kila ukisogeza kidole unaona moto.

Mwaka 1969 Ashatu, mama wa Kerege mwenye mtoto mchanga, alikuja kwa tabibu. Kifundo cha mkono kilimuuma upande wa gumba, hakuweza kumnyanyua mwanawe. Nyumbani walikuwa wakimkanda kwa mafuta ya moto na kumvuta kidole, na uvimbe ukazidi.

"Fumbata gumba ndani ya ngumi," tabibu akamwambia. "Sasa inamisha mkono upande wa kidole cha mwisho."

Ashatu akapiga ukelele.

"Mfupa mzima, mwanangu. Ni ala ya kano. Usikandwe tena. Mkono upumzike."

Akamfunga kibao mkononi, gumba lisisogee. Ashatu aliporudi, kibao hana, mkono umevimba kuliko mwanzo.

"Kibao kiko wapi?"

"Nimekivua, tabibu. Kingenikunia nazi?"

Mjane wa tabibu, Bi Kibibi, ameniambia: "Siku ile hakula. Alisema, 'Nimemwandikia dawa ambayo nyumbani kwake haipo.'"

Kesho yake Tabibu Mikidadi akapanda basi hadi Kerege. Akamkuta Bwanaheri, mume wa Ashatu, barazani na wenzake.

"Kano ikikakamaa, mkeo hatamshika mwanao," akamwambia. "Lete mbuzi ya nazi."

Akaikalia mwenyewe, akakuna mbele ya wanaume wote. Wakaangua vicheko.

"Tabibu, nani kakuoa?"

"Aliyenioa anakula vizuri kuliko nyie! Bwanaheri, njoo, hii ya pili yako."

Bwanaheri akakuna, uso kaukunja. Akakuna na kesho yake, na wiki zilizofuata, mpaka uvimbe ukaisha. Ashatu ameniambia kwa kinywa chake: "Walimcheka mume wangu mpaka wakachoka. Mimi nikambeba mwanangu."

Bi Kibibi, watoto na wajukuu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Tabibu Mikidadi Mwishehe. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja nyumbani kwake: tunapomwambia mgonjwa apumzike, kazi yake tumempa nani?