Mosesie Qappik, Miaka Thelathini na Minne, na Jeti ya Shimo la Tatu

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Jeti ya kabureta iliyompa Mosesie Qappik ushindi kwenye mashindano ya mwaka juzi, ile ambayo kijiji kizima kinaamini aliichagua kwa kuwa alihisi baridi ikija, hakuichagua yeye. Nilimpa mimi, kwa makosa. Nitafika huko. Meneja ameniomba niandike habari za kazi yake kwa jarida letu, basi nianze na kazi.

Ijumaa, tarehe 29 Mei, Mosesie anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya ushirika wetu hapa kijijini Nuvukallak, kwenye pwani ya barafu ya kaskazini, kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa mwaka 1992 kupanga mizigo ghalani. Wiki ya tatu, pikipiki ya magurudumu manne ya meneja wa wakati ule ikagoma kuwaka. Fundi wa karibu alikuwa mwendo wa saa tatu kwa ndege. Mosesie akaomba aachiwe saa moja, akaifungua kwa kisu cha kuchunia sili, wale wanyama wa baharini, na kijiko cha chai. Ikawaka. Ghalani hakurudi tena.

Tangu hapo hakuna pikipiki kijijini ambayo hajaigusa. Tunaziendesha kwenda dukani, kanisani, kuvua samaki, na juu ya barafu ya bahari mpaka itakapoanza kupasuka. Mosesie huzijua kwa sauti. Akiwa amekaa anakunywa chai, mtu akipita nje, husema, "Huyo vali zimelegea. Jumanne atakuja." Jumanne mtu huja. Pikipiki za kikosi cha kutafuta waliopotea amezitunza yeye miaka yote hiyo, na haijatokea hata mara moja kikosi kikaitwa, pikipiki ikakataa kuwaka.

Lakini wengi wanamfahamu kwa mambo ya ekzosi. Kila masika vijana humletea ekzosi mpya waliyoagiza kwa ndege, inang'aa, na mazungumzo ni yale yale.

"Unataka iende, au unataka ipige kelele?"

"Vyote viwili, mzee."

"Basi kaa chini. Hii si kazi ya dakika kumi."

Huwaeleza kwa subira. Ekzosi pana inatoa pumzi haraka. Chujio jipya la hewa, lile la sponji, linaingiza pumzi nyingi. Pumzi ikizidi, petroli nayo izidi, na petroli inapimwa na jeti: kipande cha shaba ndani ya kabureta, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, chenye tundu katikati. Ukibadilisha ekzosi na chujio ukaiacha jeti ya zamani, injini inakosa petroli, inachemka, na pistoni inatoboka. Na huku kwetu kuna la nne, nalo ni baridi. Hewa ikipoa sana inakuwa nzito, inadai petroli zaidi, kwa hiyo jeti ya mwezi wa nne si jeti ya mwezi wa pili. Mosesie ameandika hesabu hiyo ukutani kwa penseli, nyuzi za baridi upande mmoja na namba za jeti upande wa pili. Ukuta ulipopakwa rangi, aliyepaka aliambiwa aizunguke hesabu hiyo.

Mimi niliingia karakanani miaka mitatu iliyopita, nikija baada ya masomo kufagia na kupokea barua za ndege. Si mtu wa kusema mbele za watu. Nina jina la marehemu mama yake, Ulluriaq, kwa hiyo tangu nilipozaliwa Mosesie ananiita mama, na mimi napaswa kumwita mwanangu. Yeye huliita jina hilo mpaka ng'ambo ya barabara wanasikia. Mimi neno langu nililimeza kwa miaka mingi, maana mwanangu ana mvi na uzito wa kilo tisini. Ila kuna faida yake. Wote waliowahi kupoteza spana za Mosesie wanajua anavyofoka. Mimi hajanifokea hata siku moja. Mtu hamfokei mama yake.

Sasa mashindano. Njia ni ile ile ya kila mwaka, juu ya barafu mpaka kisiwani na kurudi, kilometa sitini. Mwaka juzi Lucassie, kaka wa mke wa Mosesie, aliagiza vifaa vyote vitatu, ekzosi, chujio na jeti, akafunga mwenyewe kwa kufuata karatasi iliyokuja navyo. Kisha akapiga simu kwenye redio ya kijiji ili wote tusikie.

"Shemeji, nitakusubiri mwishoni na chai. Samahani kama itakuwa imepoa."

Mosesie naye akapiga. "Vaa viatu vizuri, shemeji. Utarudi kwa miguu."

Jeti zake Mosesie anazihifadhi kwenye trei ya kuokea keki ndogo, mashimo kumi na mawili, kila shimo na saizi yake. Siku mbili kabla ya mashindano niliigonga trei ile kwa mpini wa ufagio. Jeti zikatawanyika sakafuni. Namba zake ni ndogo mno kwa macho matupu, na lenzi ya kuzisomea ilikuwa mfukoni mwa Mosesie, aliyekuwa dukani akinywa chai na wazee. Ningeweza kwenda kuiomba. Ila ningeulizwa ya nini, mbele ya wazee wote. Nikaona haya. Nikaziokota, nikazirudisha kwa kukisia.

Kesho yake redio ilitangaza nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Mosesie akatazama ukuta, akafungua kabureta, akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mama, nipe ya shimo la tatu."

Nilimpa. Alitaka 138. Nilichompa ni 148.

Asubuhi ya mashindano upepo ulikuwa umegeuka kutoka kaskazini, na baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja. Pikipiki tisa zikaondoka. Lucassie aliongoza mpaka kisiwani, ekzosi yake tukaisikia toka ufukweni mpaka ikapotelea mbali. Wakati wa kurudi hatukuisikia tena. Pistoni yake ilikuwa imetoboka. Wengine wawili waliobadilisha ekzosi nao walikwama njiani. Pikipiki ya Mosesie haikukohoa hata mara moja. Aliwapita wote, na alipomfikia shemeji yake alisimama, akamfunga kamba na kumvuta mpaka mwisho, na bado akawa wa kwanza. Lucassie anadai mpaka leo kwamba yeye alikuwa wa pili.

Watu walimzunguka. "Ulijuaje?"

"Magoti," alisema. "Yaliniambia tangu juzi."

Ndiyo maana kila Ijumaa watu humpigia kwenye redio kumuuliza magoti yanasemaje, na wawindaji hawatoki kabla hajajibu. Siku ile mimi nilisimama nyuma ya watu na birika la chai, nikiamini magoti kama wengine.

Jumatatu alinipa lenzi. "Mama, zipange upya. Soma namba moja moja." Nikasoma. Katika shimo la saba nilikuta 138. 148 haikuwepo kabisa. Nikajua ndiyo niliyompa.

Mosesie alikuwa ananawa mikono, amenipa mgongo. "Zote zipo?"

"Zipo," nikasema.

Alijifuta mikono, akachomoa plagi ya kuwashia injini ya pikipiki yake na kuniwekea kiganjani. Akanifundisha kuisoma: nyeupe, petroli ni kidogo, nyeusi, imezidi, rangi ya mkate uliookwa vizuri, ndiyo sawa. Ile ilikuwa na rangi ya mkate. "Plagi haijui kudanganya, mama," alisema, akiitazama plagi, si mimi.

Miaka miwili nimeubeba uongo ule. Januari Mosesie alipotoa taarifa ya kustaafu, alimwambia meneja kwamba nafasi yake niipate mimi, nikimaliza shule na mafunzo. Meneja akaniita ofisini. "Mosesie anasema hajaona mikono mitulivu kama yako." Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kukataa kazi. Nisingeweza kuipokea karakana kutoka kwa mtu niliyemdanganya, na kusema kweli kungemnyang'anya siku aliyoipenda kuliko zote. Barua ile ilikaa mfukoni mwa koti langu mpaka Jumatano iliyopita.

Jumatano alinikabidhi funguo, lenzi na trei. "Kagua mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kufunga sleji yake, kitoroli cha kuburuta kwenye barafu, nyuma ya pikipiki. Nikakagua. Katika shimo la tatu kulikuwa na jeti mbili. Moja ni 138. Ya pili ilikuwa imeviringishwa kwa plasta nyeupe, na juu ya plasta ameandika kwa mkono wake: "Ya mama. Bila hii ningerudi kwa miguu mimi."

Alijua. Alihisi kwa sauti ya injini kule kule kwenye barafu, akahakikisha jioni alipofungua kabureta, na magoti aliyataja ili nisiulizwe.

Nilitoka nje.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza, mwanangu." Nililisema kwa sauti, mpaka Lucassie aliyekuwa anapita akageuka.

"Zote zipo?"

"Sasa zote zipo."

Alikaza kamba ya mwisho, akaketi juu ya pikipiki, akawasha. Barua yangu niliitumia kufutia mikono.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ushirika, namshukuru Mosesie kwa kila injini iliyowaka na kila mtu aliyerudi nyumbani kwa sababu iliwaka. Samaki wakutosheleze, barafu ikubebe salama, na shemeji yako asikuchoshe. Uwe na maisha mema, mwanangu.

Nanyi mnaosoma katika matawi mengine, nina ombi. Jarida hili Mosesie hajawahi kulisoma. Kila toleo hulitandika juu ya meza ya kazi, chini ya kabureta. Nakala za huku hushuka na ndege, na anayezipokea ni mimi. Nitazitandika zote siku hiyo hiyo, kabla mtu hajazisoma. Basi mkija Nuvukallak kwa shughuli zenu, mkasikia redioni watu wanamuuliza magoti yanasemaje, sikilizeni tu. Na Lucassie akiwakaribisha chai, kunyweni, lakini hili msimwambie.