Ushuru wa Tumbaku Uliofika Maabara: Kwaheri Bi. Dama Chonga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Dama Chonga, msimamizi wa ushuru wa masoko, anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Wafanyabiashara wa soko la Marikiti wamekuwa wakitusimamisha njiani sisi wenzake kutuuliza kama ni kweli. Baadhi yao huuliza kwa huzuni. Wengine, tuseme ukweli, huuliza kwa matumaini.

Aliajiriwa mwaka 1967, msichana wa Tononoka aliyetoka shule karibuni, akapewa kazi ya kupiga chapa. Mashine yake ilikuwa imekatika herufi kubwa ya K, kwa hiyo barua nyingi za mwaka ule zilihusu mahali paitwapo “ibarani” mpaka mkubwa wake alipomnunulia kalamu ya kujazia herufi hiyo.

Alipohamishiwa sokoni, alijulikana upesi kuwa mtu asiyekunja uso wala kumpunguzia mtu ushuru. Mjombake Ngowa, muuza nazi, alimletea madafu ofisini akitaraji kuonewa huruma. Madafu tuliyanywa sote. Mjomba akalipa ushuru wake kama wenzake.

Lakini jambo tutakalomkumbukia zaidi lilianzia nyumbani kwake. Mamake, Bi. Kadzo, aliuza tumbaku ya kutafuna, na kwa biashara hiyo alimsomesha bintiye. Mwenyewe pia aliitafuna. Mwaka 1991 kidonda kilichokuwa shavuni mwake kiligunduliwa kuwa saratani, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Bi. Dama alimuuguza nyumbani Buxton, akija kazini macho mekundu, bila kutaka kuulizwa, hadi mama alipofariki mwaka uliofuata.

Daktari wa meno aliyemtibu mama, Dkt. Mwikali, hakumficha Bi. Dama kitu.

“Wagonjwa hunijia wakati hawawezi tena kumeza,” alimwambia. “Nikitaka kujua nani apimwe mapema, na nitafute dalili gani, sina utafiti wa watu wa hapa wa kunijibu. Na hakuna wa kuulipia.”

Asubuhi ile Bi. Dama alikuwa ametoza ushuru marobota ya tumbaku yaliyojaza lori zima.

“Wa kuulipia yupo, daktari,” alijibu. “Ni tumbaku yenyewe.”

Basi akaanza kuomba sehemu ya ushuru wa tumbaku itengwe kila mwaka kwa utafiti wa saratani ya kinywa. Aliambiwa haijawahi kufanywa. Akauliza kama kuna sheria inayokataza, haikuwepo. Alirudi na ombi lake mara nyingi, hata tukawa tunajua siku ya kikao kwa kuona amevaa viatu vyake vya harusini. Mwaka 1994 wakubwa walikubali, kwa sharti kwamba wauzaji wasikizwe kwanza.

Nilikuwepo ukumbini Tononoka siku hiyo, na niliogopa. Bwana Faraj Abdulhalim, muuza tambuu wa mtaa wa Kuze, yale majani yatafunwayo yakiwa na tumbaku ndani, alisimama wa kwanza, na nyuma yake wenzake wakanung’unika kumuunga mkono.

“Bi. Dama, mamako alikulea kwa tumbaku hii hii,” alisema. “Leo wataka kutuzibia riziki?”

Bi. Dama alishika meza.

“Alinilea, Bwana Faraj, na sitamkana. Lakini alipougua, hapakuwa na aliyejua namna ya kumwahi. Ushuru mwalipa tayari, na sikuongeza hata senti. Naomba sehemu yake iwarudie nyinyi, mnaotafuna tumbaku.”

Faraj alikuna ndevu. “Basi iturudie hapa hapa. Ikipanda gari la moshi kwenda Nairobi, hatuioni tena.”

Ukumbi ulicheka, na Bi. Dama akacheka nao, kisha akakubali mbele ya wote: utafiti ufanyike hapa kisiwani kwetu, na majibu yake wasomewe wauzaji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kazi ilianza mwaka 1995, ikiongozwa na Dkt. Mwikali. Faraj alitoa baraza ya duka lake wapimaji wakae, ila yeye mwenyewe hakufumbua kinywa apimwe. Aliyefumbua ni mkewe, Bi. Swabaha, ili wanawake wenziwe wasione haya. Akakutwa na baka jeupe chini ya ulimi, la aina ile ambayo Dkt. Mwikali alikuwa akiichunguza kwenye maabara. Lilikatwa kabla halijageuka saratani, na leo ni mzima. Faraj angali anauza tambuu, lakini haweki tumbaku. Analalamika kwamba mapato yamepungua na kwamba kosa ni la Bi. Dama.

Machi mwaka huu wauzaji walisomewa majibu, nasi tukajua kwa uhakika kwamba wenye mabaka kama hayo, yakionekana mapema, wengi hupona. Wakaulizwa kama sehemu ile ya ushuru iendelee kwenda kwenye utafiti. Mikono ilinyanyuka ukumbi mzima, wa Faraj ukiwa juu kuliko yote. Bi. Dama alitoa leso akajifuta macho, akasema ni vumbi. Ukumbi ulikuwa umepigwa deki asubuhi ile.

Ahsante, Dada Dama, kwa miaka yako na kwa ukaidi wako. Mola akupe afya na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na lori la mtu. Nenda ukaishi kwa raha.

Jared Levi, kwa niaba ya wenzako wa ushuru wa masoko