Maziwa ya Wifi

Mama zangu, dada zangu, nianze na lile nililolikana muda mrefu, hata mbele ya mume wangu: niliamini wifi yangu ananiwekea sumu.

Mimi, mwenye digrii, niandikaye makala za kuwacheka wanaoamini uchawi. Ndiyo, chekeni.

Ilianza na vidole. Asubuhi vimekakamaa, sifungi hata kifungo cha blauzi. Daktari hapa Moshi alinipima damu, akasema ni baridi yabisi: mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Dawa nikazifungia kabatini. Mwili wangu unishambulie, nimeukosea nini? Nikatafuta mshtakiwa mwingine.

Nikaacha nyama, nikaacha mbege, pombe yetu ya ndizi, nikaacha nyanya kwa sababu mtu fulani mtandaoni alizisema vibaya. Sketi zikaanza kunizunguka. Ndipo nikagundua jambo: kila mara wifi, dada wa mume wangu anayeishi na mama mkwe huko mlimani, alipotuletea kibuyu cha maziwa ya mgando, kesho yake magoti yangu yalivimba. Nikakumbuka tulivyogombania mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Ndugu zangu, nawaambia, mashaka hula kuliko ng'ombe wa kufugiwa ndani; kila siku yanataka majani mapya.

Krismasi tukapanda wote nyumbani. Wifi akamimina maziwa, akaonja kwanza, akanipa. Mnajua kwetu: kukataa alichoonja mwenyeji ni kumwita mchawi mbele ya ukoo. Nikasema nimeshiba.

"Wifi, nimeonja ukiniona. Unakataa nini?"

"Tumbo tu, wifi."

"Tumbo, au mimi?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. 

Januari nilishindwa kushika kijiko. Nikarudi kwa daktari, nikamweleza yote isipokuwa sumu. Akasema, "Mama, dawa kwanza. Wapo ambao chakula fulani huwachochea maumivu, lakini hilo haliondoi dawa. Ukitulia, rudisha vyakula kimoja kimoja, tuone."

Nikameza dawa, nikatulia. Nyama ikarudi salama, nyanya nazo. Yakabaki maziwa. Nikanunua ya pakiti dukani mjini, ambayo wifi hajayagusa. Na niliomba, Mungu anisamehe, yasinifanye kitu, ili nionekane nilikuwa sahihi. Asubuhi magoti yalikuwa maboga. Baada ya wiki kadhaa nikajaribu ya duka jingine. Maboga yale yale.

Niwashukuru kabla sijasahau: daktari aliyenivumilia, mume wangu aliyenifungia vifungo bila maswali, nanyi mliokuja kunilimia. Dawa bado nameza. Na asirudi mtu nyumbani akauza ng'ombe. Mwili wangu si wenu. Ila mwili ukikushtua, kamwambie daktari kabla hujaanza kuuhukumu ukoo.

Asubuhi ile ya maboga ya pili nilimpigia wifi.

"Wifi, nimekunywa maziwa ya dukani. Nimevimba."

 Nikamsikia ng'ombe akilia zizini kwake.

"Kwa hiyo ulidhani ni mimi."

"Ndiyo."

"Muda wote huo?"

"Muda wote, wifi. Nisamehe."

Nikasikia akimtupia ng'ombe majani.

"Sijakusamehe bado," akasema. "Ila Jumapili panda. Nina ndizi za supu ya mtori, na nimechoka kumenya peke yangu."