Mbao Iliyojaribiwa na Kwaya

Treni ilikuwa imetoka tu Kibwezi, na mbele yangu wasafiri wawili wasiojuana walikuwa wakibishana kuhusu mbao.

"Hizo za kubandikwa na gundi sitaki kuziona," alisema Mama Kaveke. "Kijana wangu Kaloki alinunua moja ya kusimamia akipiga plasta kanisa letu. Lakini kwetu hakuna mtu anapanda juu kabla kwaya haijajaribu mbao hapo chini. Tuliiweka juu ya mawe mawili, wanaume wa sauti ya nne, ile nzito, wakasimama juu yake, ikavunjika."

"Waliumia?" aliuliza Othman, muuza mbao wa Wote.

"Walicheka. Ni mimi nililia, nikimshukuru Mungu."

"Basi mama, gundi haina makosa. Hiyo ilikuwa ya kushikilia zege mpaka likauke, si ya kusimamia. Ile ya kubeba watu, tabaka zake zote zimelala kufuata urefu, na imepigwa muhuri wa hiyo kazi."

"Muhuri haujawahi kubeba mtu."

Mimi nilikuwa upande wa Othman, mpaka treni iliposimama Emali na yeye akainuka.

"Lete yako kanisani kwetu Jumamosi," Mama Kaveke alimwambia. "Utasimama katikati ya sauti ya nne."

"Nitakuja," alijibu, akashuka akishika chuma cha mlango kwa mikono miwili, kama mtu asiyeamini ngazi ambayo kwaya haijaijaribu.